Kilwa Kisiwani: tulikata kona Nangurukuru, tukakaa siku mbili

Safari yetu ilikuwa ya Mtwara, harusini. Tulitoka Dar alfajiri, mimi, mke wangu, mama yangu na binti yetu wa miaka tisa, tukipanga kulala Lindi. Tulipokuwa tunakula Nangurukuru mama akauliza, "Si ndiyo njia ya Kilwa hii?" Ndiyo yenyewe. Miaka yote ninayopita barabara hii, tangu Daraja la Mkapa lifunguliwe 2003, hapo nanyoosha miguu na kuendelea kusini. Safari hii nikakata kushoto. Ni kama kilomita 30 tu hadi Kilwa Masoko, mji wa bara unakovukia kwenda Kilwa Kisiwani, kisiwa chenye magofu ya mji wa kale.

Naanza na lililotuudhi, lisije likakupata na wewe. Jioni ile kijana mmoja alitufuata akasema atatushughulikia kibali cha kuingia magofuni na chombo cha kuvukia kwa bei moja. Tukampa pesa ya kutangulizia. Asubuhi kibali hakuna, chombo hakuna, simu haipatikani. Kumbe ofisi ya kibali iko hapohapo Masoko: unalipa kiingilio, unapewa risiti na mtu wa kuwatembeza, na Mtanzania halipi sawa na mgeni wa nje. Anzia hapo.

Tulivuka kwa mashua ya tanga, upepo mzuri, hata nusu saa haikufika. Maji yalikuwa yanakupwa, kwa hiyo tulishukia baharini, maji magotini. Nahodha alimpa mama bega lake: "Shika hapa mama, usiogope, chini ni mchanga." Mzee wako anaweza kwenda, ila uliza kwanza saa za kujaa na kupwa.

Msikiti Mkuu ndio uliotushika. Sehemu ya kaskazini, yenye mihirabu, ndiyo kongwe, ya karne ya 11. Ile kubwa ya kusini iliongezwa karne ya 14, enzi za Sultani al-Hasan bin Sulaiman, wakati dhahabu ya Sofala, bandari ya Msumbiji ya leo, ikipitia hapa. Ibn Battuta, yule msafiri wa Moroko, alifika Kilwa mwaka 1331 na akamkuta sultani huyo. Unaingia chini ya kuba na matao, nguzo za pembe nane zimepangana mbele yako, na sauti yako mwenyewe inakurudia. Mama aliweka kiganja kwenye nguzo moja akakaa nacho hapo. Ukisogeza jicho unaona vijitundu vya matumbawe, kama sega la nyuki, na juu yake chokaa iliyobanduka. "Hii chokaa ya kuchoma matumbawe," akamwambia binti yangu. "Ndiyo tuliyopaka nyumba ya babu yako." Nimesoma habari za Kilwa tangu shule ya msingi, na hakuna mwalimu aliyewahi kunifikishia jambo hilo: waliojenga pale walijenga kama sisi.

Mwenyeji wetu alijua kazi yake. Hakukariri, alisubiri maswali. Alituonyesha Gereza, ngome ya Waomani iliyosimama juu ya mabaki ya ile ya Wareno wa 1505, na namna mawimbi yalivyokuwa yakiila. Eneo hili ni Urithi wa Dunia tangu 1981, na kwa miaka kumi, 2004 hadi 2014, lilikuwa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini. Kuona kuta zilizokarabatiwa kulinipa faraja kubwa. Mwenyeji huyo nampa nyota tano.

Husuni Kubwa, kasri la kale, ni mwendo, na jua la saa sita halina huruma. Mama alibaki kivulini akizungumza na akina mama wa kisiwani, sisi tukaenda. Kasri liko juu ya gema, bahari chini yake, na lina birika la pembe nane ambalo binti yangu alilizunguka mara tatu akihesabu pembe. Bebeni maji ya kutosha na kofia, na msipande juu ya kuta.

Vyumba vya kulala Masoko vipo vya kila mfuko. Chetu kilikuwa cha kawaida, lakini pweza wa nazi wa jioni ile bado tunamzungumzia.

Harusini tulichelewa siku moja, tukasamehewa. Songo Mnara, kisiwa jirani chenye magofu yake, hatukuwahi. Siku ya kurudi, tulipokuwa tunatoka Mtwara, mama alifunga mkanda akasema, "Ukifika Nangurukuru, punguza mwendo."