Boksi za kufungashia chakula: kabla hujauliza bei, angalia mafuta

Mwezi uliopita nilipeleka sahani 40 za wali na samaki wa kukaanga kwenye ofisi moja ya Posta. Samaki walitoka karaini, nikawachuja dakika mbili tatu, nikawalaza juu ya wali ndani ya boksi jeupe la povu, nikaweka kipande cha ndimu pembeni, nikafunga. Saa saba na robo mteja mmoja, kaka anayekula kwangu mwaka wa tatu sasa, akanitumia picha: "Dada, hiki cheupe kwenye mkia wa samaki ni kitu gani?"

Lilikuwa boksi. Mkia uligusa ukuta wake, ukauyeyusha na kuacha tundu la umbo la mkia, na povu lililoyeyuka likagandia kwenye ngozi ya samaki kama nta ya mshumaa. Nilirudisha pesa za sahani zote 40. Paketi sita zilizobaki ziko stoo mpaka leo.

Ukienda Kariakoo kununua maboksi ya chakula utaelezwa ukubwa, vyumba viwili au vitatu, na bei ya katoni. Hutaelezwa habari za mafuta, na sisi tunaopika chakula cha pwani tunafungasha mafuta kila siku: biriani, samaki, maharage ya nazi, chipsi. Ndiyo maana mwongozo huu una kipimo kimoja tu. Rangi na urembo wa kifuniko tafuta kwingine.

Kipimo chenyewe ni hiki. Weka boksi juu ya karatasi kavu, mimina vijiko viwili vya mafuta uliyotoka kukaangia vitunguu, funga, subiri saa moja, kisha liinue uangalie karatasi. Kwa boksi la povu ongeza jaribio la pili: chukua ganda la ndimu au chungwa, likunje karibu na boksi mpaka yale mafuta ya ganda yaruke. Utaona vidoti vinachimbika pale pale, kama uso wenye ndui. Mafuta ya ganda yana kitu kinaitwa limonini, nacho huyeyusha polistirini, ambayo ndiyo plastiki ya povu hilo. Joto nalo lina lake: polistirini huanza kulegea kwenye nyuzi joto kama 100, na karai la samaki liko nyuzi 170 na zaidi. Nilikuwa nimeweka samaki wa moto na ndimu ndani ya kitu kinachoshindwa na vyote viwili.

Namba moja kwangu ni Milton, na upendeleo wangu siufichi. Ni vile vibebeo kutoka India, vibakuli vya chuma cha pua ndani na gamba la nje linalotunza joto. Nilianza na seti tano, sasa ninazo 22. Mteja wa kila siku anaweka amana mara moja, kijana wa bodaboda anapeleka kilichojaa anarudi na kitupu cha jana. Mafuta hayana pa kwenda: hayapenyi, hayayeyushi, na maji ya moto na sabuni yanayatoa yote. Maharage ya nazi niliyofunga saa nne asubuhi yalifunguliwa saa nane mchana yakitoa mvuke. Gharama ya kuanzia inauma, nakubali, lakini tangu Januari nimeacha kabisa kununua boksi kwa wateja hao. Kama unauza chakula cha mchana kwa watu walewale, usisome zaidi ya hapa, nenda kanunue Milton.

Kwa arusi, hitma na oda za watu usiowajua, chombo hakirudi. Hapo namba mbili ni trei za foili zenye kifuniko cha karatasi ngumu. Mafuta ya moto hayazifanyi kitu. Zinachukia uchachu, kwa hiyo mchuzi wa ukwaju au samaki wa kulowekwa ndimu usivilaze humo tangu usiku. Foili huchimbika na chakula kikapata ladha ya chuma. Kinachonipendeza ni kwamba alumini ina mnunuzi. Zioshe, zikandamize pamoja ziwe donge, na mtu wa chuma chakavu atazipokea, maana mafundi wa kusubu sufuria wanaihitaji.

Namba tatu ni vibakuli vya plastiki ngumu vyenye alama ya 5, yaani polipropilini. Vinahimili mchuzi wa moto, na watu huviosha wakawekea viporo. Ni plastiki, lakini angalau haitupwi siku hiyohiyo.

Namba nne itawaudhi wengi: maboksi ya makapi ya miwa, yale ya rangi ya maziwa yanayouzwa kwa sifa ya "rafiki wa mazingira". Nilitaka kuyapenda. Nimejaribu ya aina mbili. Moja lilipitisha mafuta kwenye karatasi ndani ya dakika 40, kitako kikawa laini kama mkate uliolowa. La pili halikupitisha hata tone, na hapo ndipo wasiwasi wangu ulipoanza. Makapi matupu hunywa mafuta. Ili yasinywe, viwanda vingi vilikuwa vinatia kemikali za kundi la PFAS, ambazo haziozi wala kuisha mwilini upesi. Marekani, mamlaka yao ya chakula na dawa, FDA, ilitangaza Februari 2024 kwamba kemikali hizo za kuzuia mafuta haziuzwi tena huko kwa vifungashio vya chakula. Nilipomuuliza muuzaji wangu kama yake yanazo, alinijibu, "Dada, hiyo ni miwa tu." Miwa tu haizuii mafuta ya karai. Na linaloniuma zaidi: makapi tunayo wenyewe, kwenye viwanda vya sukari vya Kilombero na TPC kule Moshi, yanachomwa kuendesha mitambo, huku boksi nililoshika mkononi limeandikwa limetengenezwa China.

Povu ni la mwisho. Bei yake ni ya chini kuliko yote, na kwa chakula kikavu kilichopoa litakufikisha. Basi.

Lakini lazima niseme kuhusu hoja ya "linarejelezeka", maana ndiyo niliyouziwa nayo. Muuzaji alinigeuzia boksi akanionyesha pembetatu ya mishale yenye namba 6. Pembetatu ile inataja aina ya plastiki, yaani polistirini. Haiahidi kwamba kuna mtu atakayeipokea. Nilijaza kiroba kizima cha maboksi yaliyotumika nikamwita kijana anayepita mtaani kwetu akikusanya chupa. Alikiinua kwa kidole kimoja, akakirudisha chini. "Mama, hii hata kilo haifiki, na ina mafuta." Sehemu kubwa ya povu ni hewa, na yeye hulipwa kwa kilo.

Swali hilohilo lilisumbua jiji la New York miaka mingi. Baraza lilipitisha sheria mwaka 2013: kama povu la chakula haliwezi kurejelezwa kwa njia inayolipa, lipigwe marufuku. Watengenezaji wakajitolea kugharamia mashine za kuchambua. Mwaka 2015 jiji likasema haiwezekani, jaji akatengua uamuzi, jiji likachunguza upya na mwaka 2017 likarudi na jibu lilelile. Marufuku ikaanza Januari 1, 2019. Zimbabwe, wanakoliita kaylite, walilipiga marufuku 2017, na Umoja wa Ulaya Julai 2021. Povu safi, lile la kufungia televisheni, hushindiliwa likageuzwa hata fremu za picha. La chakula limelowa mafuta, na kuliosha ni ghali kuliko kutengeneza jipya.

Kwetu marufuku ya Juni 1, 2019 ilihusu mifuko ya kubebea, boksi la povu likabaki sokoni. Wanaolitetea wanasema mama lishe ataumia kwa bei. Mimi ndiye huyo mama lishe, na nililipa sahani 40 kwa sababu ya bei hiyo. Anayetuumiza ni muuzaji wa jumla anayeandika 50 kwenye paketi ya maboksi 46, nimehesabu tatu mfululizo, na aliyekataa kupokea paketi zangu sita kwa sababu "mzigo ukitoka haurudi".

Jumatatu nakwenda kununua foili za arusi ya mpwa wangu. Nabeba ndimu mbili na chupa ndogo ya mafuta ndani ya mkoba, na trei moja nitailipia kwanza, niijaribu palepale kaunta. Duka litakalonikatalia nitavuka barabara.