Breki ya dharura ya gari unalolivuta: mimi naanza na betri

Wasomaji wanaovuta gari dogo nyuma ya gari-nyumba wamenisumbua na swali moja: "Dada, ninunue breki gani ya dharura?", yaani ile inayolisimamisha gari la nyuma likikatika. Nimelikwepa kwa muda, maana kulijibu lazima kwanza nikiri aibu yangu.

Cha kwanza nilichonunua kilikuwa kisanduku cha kuweka sakafuni mbele ya kiti cha dereva, chenye mkono wa chuma unaosukuma pedali. Jina lake nalimeza. Barabarani kilinifurahisha: nikikanyaga mimi, na gari la nyuma linashika. Jioni moja, baada ya kuvuta kutwa nzima, nikachomoa pini ya swichi ya dharura, ile inayokiamuru kisanduku kikanyage breki gari likikatika, udadisi tu. Kikalia "tk". Mkono ukasogea upana wa kidole, ukaganda hapo. Betri ilikuwa imekwisha, na mimi nilikuwa nimeshinda barabarani nikijidanganya kwamba nina breki ya dharura.

Kwa hiyo uzito wa kifaa, programu ya simu na wepesi wa kukihamisha, hayo muuzaji atakueleza hata usipomuuliza. Mimi nina swali moja: pini ikichomoka saa kumi na moja jioni, nguvu ya kukanyaga pedali inatoka wapi?

Kazi yenyewe iko hivi. Swichi inafungwa mbele ya gari linalovutwa, na waya mwembamba wa chuma unatoka kwenye pini yake hadi kwenye gari-nyumba. Chuma cha kuvutia kikikatika au kikifunguka, waya unachomoa pini, umeme unapita, kifaa kinakanyaga breki. Kwa kasi ya kilomita 90 kwa saa, gari hilo lisilo na dereva linakula mita 25 kila sekunde.

Umeme huo ni wa betri ya gari la nyuma, ambalo injini yake imezimwa na alternata, kile kinachoichaji betri, imelala. Huku ufunguo mara nyingi umeachwa hatua ya kwanza ili usukani usijifunge. Kila pedali inaposukumwa, taa za breki za gari hilo nazo zinawaka: balbu mbili za wati 21 peke yake ni karibu ampea 3.5, bado kifaa chenyewe hakijala chake. Kwenye foleni ya kusimama na kwenda, hesabu hiyo inaumiza. Halafu kuna magari ambayo tundu la kuwashia sigara linakata umeme ufunguo ukizimwa, na kisanduku chako kimechomekwa hapo hapo.

Sheria za Marekani za trela za biashara zinataka breki zikishika kwa dharura zibaki zimeshika angalau dakika 15. Gari lako si trela ya biashara, lakini mimi nimekiazima kipimo hicho.

Namba moja kwangu ni InvisiBrake ya Roadmaster, na sitajifanya sina upendeleo. Inakaa chini ya kiti, inavuta pedali kwa kebo, huitoi unapotaka kuendesha gari. Lakini kilichonitia mfukoni ni kwamba inaichaji betri ya gari la nyuma kwa umeme wa gari-nyumba wakati mnakwenda. Mtu aliyeitengeneza aliwahi kukutana na ile "tk" yangu, naapa.

Ya pili ni Air Force One ya Demco, na ingekuwa ya kwanza kama kila gari-nyumba lingekuwa na breki za upepo. Inatumia upepo wa gari la mbele, na unaokanyaga wakati wa dharura ni ule uliohifadhiwa kwenye tangi dogo la gari la nyuma. Msuli hautoki kwenye betri. Kama lako lina breki za mafuta tupu, endelea kusoma.

Ya tatu ni Stay-IN-Play DUO, ya Demco pia. Inaipa busta ya breki, kile kinachoupa nguvu mguu wako kwa mvuto wa hewa, ule mvuto ambao injini iliyozimwa haiwezi kuutoa, hivyo pedali inabaki laini. Nzuri sana, ila betri yako iwe na chaji, kwa hiyo nunua na waya wa kuichaji siku hiyo hiyo.

Visanduku vya sakafuni, RVi3 na wenzake, nimeviweka mwisho. Vinafaa kwa anayebadilisha magari. Bomba pedali mara kadhaa injini ikiwa imezimwa ili kuondoa mvuto uliobaki kwenye busta kabla ya kukiweka, la sivyo kitashika kupita kiasi, na diski na pedi zitanuka. Vya bei ya kutupa visivyo na swichi ya dharura kabisa, sina la kusema.

Na hapa ndipo wauzaji wananichefua. Boksi limeandikwa "kamili". Unafungua: swichi ipo, kishikio cha kuifungia hakipo. Waya wa chaji unauzwa peke yake. Fyuzi peke yake. Taa ya kukuonyesha mbele kwamba breki ya nyuma imeshika, nayo peke yake! Nilipomuuliza mmoja betri itachajiwa na nini, akaniambia, "Mama, hilo kila mtu analijua." Mbona hakulisema kabla sijalipa?

Siku ya kufunga, simama na fundi. Waya wa pini ushikizwe kwenye chesisi ya gari-nyumba, si kwenye chuma cha kuvutia wala minyororo ya usalama. Ukiufunga kwenye kitu kitakachokatika, waya utaondoka nacho bila kuchomoa pini. Uachie ulegevu wa kutosha kona kali, lakini usiburute lami. Kisha livute gari kutwa, ukifika zima kila kitu, toa ufunguo, chomoa pini, na jaribu kulisukuma gari kwa mikono. Dakika ya 15 lisukume tena. Ukimaliza rudisha pini kabla hujaenda kulala, maana mimi niliisahau usiku mmoja na asubuhi nikaomba msaada wa kuwasha gari.