Nyota mbili kwa hii zuu, na chui ndo amenifanya niandike

Jumamosi nilikuwa na watoto wa kaka yangu, tumeshinda kutwa kwenye zuu moja yenye akwariamu humohumo ndani. Huduma sina lawama kabisa, vyoo visafi, wafanyakazi wana adabu, foleni ya tiketi inaenda haraka, kivuli kipo.

Sasa yule chui. Anatoka kwenye kona anafika kwenye jiwe, anageuza kichwa, anarudi, anafika ukutani, anageuka tena, majani yameshaisha kabisa kwenye ule mstari anaoukanyaga. Watu wanapiga picha wanasema leo kachangamka. Nikawaambia watoto tukae hapa kwanza, tukakaa karibu nusu saa na hakubadilisha hata hatua moja, mdogo akaniuliza, "Anti, mbona hafiki anakoenda?" Nilishindwa kumjibu.

Jamani huko sio kuchangamka. Kurudia mwendo uleule hivyo ni dalili inayojulikana kwa wanyama waliofungiwa, na watafiti Clubb na Mason walionyesha tangu 2003 kwamba wanyama wala nyama wanaotembea eneo kubwa porini ndo wanaumia zaidi kizimbani. Tembo nao hivyohivyo, utafiti wa 2008 ulikuta majike wa tembo wa Afrika waliozaliwa kwenye zuu za Ulaya umri wao wa kati ni miaka 16.9, wakati wenzao wa hifadhi ya Amboseli kule Kenya wanaokufa kifo cha kawaida wanafika 56. Kule Ulaya wana daktari, wana chakula kila siku, hawana jangili, na bado wanakufa mapema hivyo!

Akwariamu nimeipenda nusu. Samaki wadogo wa kwenye matumbawe wako vizuri, maji safi, maficho ya kutosha, ningeweza kukaa hapo siku nzima. Lakini pomboo wa shoo hapana. Mnyama anayetumia mwangwi wa sauti yake kujua kilichopo mbele, umemzungushia kuta pande zote na spika za muziki juu yake. SeaWorld wenyewe, wale wa Marekani wenye shoo za wanyama wa baharini, walitangaza 2016 kuwa hawazalishi tena orka, ndugu mkubwa wa pomboo, sasa hawa wanangoja nini? Na lile dimbwi la kushika samaki anayeitwa taa, watoto arobaini wanachovya mikono kwa pamoja na yule samaki hana pa kujificha, wangu niliwakataza wakanuna.

Najua mtanijibu kwamba zuu zinaokoa wanyama wasiishe, mtanitajia choroa wa Arabuni, yule swala mkubwa wa jangwani, na ni kweli, porini walikwisha 1972 na waliorudishwa Oman 1982 walitokana na waliozalishwa kwenye zuu, mimi hilo naliheshimu sana tu. Ila hapa nilimuuliza mtunzaji kama kuna mpango wa kurudisha mtoto yeyote wa huyu chui porini, akasema hakuna. Kwa hiyo anazunguka pale ili sisi tumwone, basi.

Yule mtunzaji lakini ana roho nzuri, kasema asubuhi anaficha nyama sehemu tofauti ili chui aitafute na hapo kidogo anatulia. Ningekuwa mwenye zuu ningempa mtu huyo pesa yote ya shoo ya pomboo, na chui huyu akifa nisilete mwingine. Mkienda na watoto wapelekeni kwa kobe na kwenye matumbawe, shoo msilipie, na kwa chui kaeni nusu saa kama sisi.