Kiyoyozi cha gari kinavuja: dawa ya kuziba au kutafuta tundu?

Gesi ya kiyoyozi haichomwi kama petroli. Inazunguka ndani ya mfumo uliofungwa, kwa hiyo ikipungua haraka, kuna mahali inatoka.

Dawa ya kuziba inavutia: inaingizwa pamoja na gesi na unaondoka. Kwa tundu dogo sana inaweza kushika kwa muda. Lakini aina nyingi huganda zikikutana na unyevu, na mfumo uliovuja muda mrefu mara nyingi umeshaingiza unyevu. Dawa ikigandia ndani, inaweza kuziba vali, na wapo mafundi wanaokataa kuunganisha gari hilo na mashine yao ya kunyonya gesi.

Kutafuta tundu kunachukua muda, ila mimi ndiko niliko. Anza kwa macho: gesi husafiri na oili ya kompresa, hivyo kwenye maungio ya mabomba panapovuja huonekana utandu wa mafuta ulioshika vumbi. Pasipoonekana kitu, fundi huweka rangi inayong'aa kwenye mwanga wa UV. Mara nyingi mkosaji ni oringi iliyokauka, yaani pete ya mpira ya kuzibia maungio, kitu kidogo tu. Ikishabadilishwa, mfumo unavutwa hewa kwa pampu, unaachwa kidogo kuona kama geji ya presha itapanda, dalili kwamba bado unavuja, ndipo gesi inajazwa kwa uzito ulioandikwa chini ya boneti.

Kujaza gesi tu bila kuziba popote sikuhesabu kabisa kuwa suluhisho, maana gesi itaendelea kutoka hewani. R-134a, gesi ya viyoyozi vya magari mengi, hupasha dunia joto zaidi ya mara 1,000 kuliko kiasi hichohicho cha kaboni dayoksaidi.