Betri za Kuchaji au za Kutupa? Treni ya Mtoto Ndiyo Hakimu

Sikilizeni kwanza, sijasema lolote bado. Mnasikia huo mlio? Anayejikokota hapo kama mzee anapanda ngazi ni kichwa cha treni cha mwanangu, kinajaribu kupanda daraja la plastiki. Sasa natoa betri, naweka nyingine. Haya, sikilizeni tena. Mnaona? Treni haina ugonjwa wowote.

Karibuni sana. Niko nyumbani Tororo, Uganda, mji wa reli huu. Treni ya mizigo ikishatoka Malaba, mpakani na Kenya, lazima ipite kwetu. Kijana wangu ana miaka 5, na akisikia honi anaacha hata chakula. Mjomba wake aliyeko Uingereza ndiye aliyemletea seti hii. Kwa hiyo treni yenyewe sikuilipia hata shilingi. Kilichonimaliza ni betri.

Kichwa hiki kinakula betri mbili za AAA, zile nyembamba. Nimekizungusha kwenye reli ileile, daraja lilelile, simu ikihesabu sekunde, kwa aina tatu za betri.

Tuanze na zile za bei ya chini kabisa, ambazo utazikuta kila duka la mtaani. Jozi nilinunua kwa shilingi 1,500. Hizi ni za zinki na kaboni, ndizo hasa ambazo Waganda wanaziita amanda, yaani makaa. Bibi yangu alikuwa anazianika juani, na jioni redio inaongea tena. Wala hakuwa anajidanganya: joto na mapumziko huiamsha kidogo kemia iliyochoka mle ndani. Lakini redio inakunywa kidogo kidogo, mota inabugia. Hazikufika nusu saa, treni ikakwama katikati ya daraja na magurudumu yanazunguka bure. Kwa saa ya ukutani, sawa. Kwa treni, hapana, na sitazirudia tena kwenye video hii.

Sasa wapinzani wenyewe: alkalaini za kutupa, na hizi za kuchaji za NiMH, yaani za nikeli na hidridi ya metali.

Najua mtaniandikia, "Lakini kaka, ya kutupa ni volti 1.5, ya kuchaji ni 1.2, si treni itakwenda polepole?" Mwanzoni, ndiyo. Alkalaini mpya ilimaliza mzunguko kwa sekunde 14, ya kuchaji kwa 16. Kijana mwenyewe aliona, akaniambia, "Baba, hii imechoka." Nikamwambia subiri. Baada ya saa nzima ya kuzunguka, alkalaini imeshuka hadi sekunde 18, na ya kuchaji bado iko palepale, 16.

Sababu ni hii. Ile 1.5 iliyoandikwa kwenye alkalaini ni ya siku ya kwanza. Kuanzia hapo inateremka taratibu mpaka mwisho. NiMH inakaa karibu na 1.2 muda mrefu, halafu ikikaribia kuisha ndipo inaanguka ghafla. Tena ukinzani wake wa ndani, yaani kinachouzuia umeme kutoka, ni mdogo, kwa hiyo mota ikidai umeme mwingi pale kwenye mlima, inapewa. Ila kama treni yako inatumia betri nne, upungufu unajumlishwa: badala ya volti 6 unapata 4.8. Baadhi ya treni zenye sauti na rimoti hulalamika hapo, kwa hiyo soma kwanza kijitabu chake.

Hesabu ya pesa. Jozi ya alkalaini nilinunua 7,000, na likizo hii kijana alikuwa anamaliza jozi kwa siku mbili. Betri nne za kuchaji pamoja na chaja nzuri zilinigharimu 85,000. Jozi 13 tu za alkalaini, pesa imerudi. Na umeme? Betri moja ya AAA inabeba takriban wati-saa 1. Hata ukihesabu unaopotea kwenye chaja, yuniti moja ya Yaka, umeme wetu wa kulipia kabla, inachaji jozi zaidi ya mara 200. Hapo hakuna mjadala.

Sasa chaja. Hapa nataka mnisikilize kwa makini, maana mimi mwenyewe nimeunguza jozi nzima. Chaja yangu ya kwanza, ya bei rahisi, ilikuwa ya kuhesabu saa: inachaji masaa nane, inazima. Nzuri, kama unaishi mahali umeme haukatiki! Huku kwetu umeme ukikatika saa ya sita na kurudi, chaja inasahau kila kitu, inaanza kuhesabu nane upya. Asubuhi nilizishika nikaziachia, zilivyokuwa za moto. Tangu siku ile hazikai na chaji. Tafuta chaja inayopima kila betri peke yake na kujizima ikijaa. Kila betri na taa yake, hiyo ni dalili nzuri. Ikiwa inatumia waya wa USB, hata sola ndogo itaiendesha.

Na msidanganywe na namba za kwenye ganda. Kiasi cha chaji ambacho betri inabeba hupimwa kwa mAh, na AAA ya NiMH ya kweli inabeba kati ya mAh 750 na 1,000 hivi. Hii hapa, ona, imeandikwa 1,800. Ishike mkononi: nyepesi kama ganda la karanga. Ya kweli ina gramu 12 hivi. Muuzaji alinitazama vibaya nilipomwomba mzani, lakini mzani wa sukari hauko mbali, hasa kama unanunua pakiti nzima.

Kuna pia za lithiamu zenye tundu la kuchajia ubavuni, zinazotoa volti 1.5 mwanzo hadi mwisho. Treni inakimbia kweli. Kisha inazima papo hapo, bila kukuonya, na mtoto analia. Sijazipenda kwa treni.

Jambo moja la alkalaini: usiziache ndani. Angalia springi hii, ule unga mweupe ni betri iliyovuja shule zilipofunguliwa na treni ikawekwa kabatini. Nachovya pamba kwenye siki, nasugua, inachemka kidogo, inatoka. Halafu nakausha vizuri. Na msichanganye mpya na kuukuu, maana ile dhaifu inageuziwa chaji na mwenzake, inavuja mapema.

Kwa hiyo kwenye treni zangu ni NiMH, jozi mbili, moja inakimbia, moja iko kwenye chaja. Nimezitia alama ya rangi ya kucha ya mama yake, nyekundu kwa nyekundu, ili zisiachane. Bisibisi ya nyota nimeifunga kwa kamba kwenye boksi la reli... Ndiyo, baba, nakuja! Ngoja nikaze hii skrubu kwanza. Ameshasimama hapo mlangoni na behewa mkononi.