Ukinunua PS4 ya mtumba Kigoma, usikubali ijaribiwe kwa gemu ya mpira

Mwezi wa tatu nilitoa shilingi 430,000 pale Mwanga, hapa Kigoma, kununua PS4 Slim iliyotumika, mashine ya gemu ya PlayStation ya Sony. Siku ya nne nikawa nimekaa kitandani naangalia picha ikizunguka yenyewe. Pedi ya kuchezea ilikuwa juu ya godoro, sijaigusa. Kratos, shujaa wa gemu ya God of War, amesimama kwenye theluji, kamera inasogea polepole kwenda kushoto, mti unapita, mwingine unapita, hadi nikawa namtazama usoni badala ya mgongoni.

Tangu nilipolitaja jambo hili, wasomaji watatu wameniandikia yaleyale: mmoja yuko Kasulu, wawili hapahapa mjini. Kwa hiyo leo sigusi ukubwa wa hadidiski wala rangi ya mashine. Hayo muuzaji atakueleza mwenyewe kwa furaha. Nazungumzia analogi, vile vijiti viwili vya kidole gumba, kwa sababu sijaona mnunuzi anayevikagua.

Chini ya kila kijiti kuna potensiometa mbili, moja ya kulia na kushoto, nyingine ya juu na chini. Ndani yake kuna utepe uliopakwa kaboni na kichuma kidogo kinachosugua juu yake kila unaposogeza kidole. Utepe ukilika, mashine inasoma kwamba kijiti kimesukumwa wakati kimetulia. Ni ugonjwa uleule wa swichi ya sauti kwenye redio ya zamani, ile inayokwaruza ukiizungusha. Sasa fikiria pedi iliyotoka kwenye kibanda cha gemu, vijana wanalipia mechi tangu asubuhi hadi usiku, wote wamebana kijiti cha kushoto wanakimbia na winga. Hiyo ndiyo unayouziwa kama “used ya Ulaya”.

Dukani niliwekewa FIFA. Nilicheza kipindi kizima, nikafunga mabao mawili, nikaridhika. Hapo ndipo nilipokosea. Kwenye mechi ya mpira kidole hakiachii kijiti, na kamera, ambayo kwenye gemu nyingine huzungushwa kwa kijiti cha kulia, haiko mikononi mwako, kwa hiyo kijiti cha kulia kinaweza kuwa kimekufa kabisa usijue. Tekken 7, gemu ya kupigana, nayo haikusaidii: wengi tunacheza kwa vitufe vya mishale, na hata ukitumia kijiti lazima ukisukume kwa nguvu ndipo mpiganaji asogee. Gemu zinazosema ukweli ni zile za kutembea na kuangalia. God of War ya 2018 ni ya kwanza kwangu, The Last of Us inafuata. Mweke mtu wako mahali patulivu, laza pedi mezani, hesabu hadi 30. Picha isisogee hata kidogo. Kisha zungusha vijiti vyote kwa nguvu, viachie ghafla, uhesabu tena.

Kuna jambo jingine nililolijua baada ya fundi wa Ujiji kuifungua pedi yangu na kunionyesha utepe wenye mkwaruzo mweupe katikati. Wauzaji wengine wanapuliza spiriti ndani kabla ya kuuza. Uchafu unatoka, kijiti kinatulia siku mbili tatu, kisha kinarudi palepale. Ndiyo maana uangalie pia mpira wa juu wa kijiti. Ukiwa umelainika na kung'aa kama soli ya ndala kuukuu, pedi hiyo imefanya kazi, hata kama leo imetulia.

Sasa chaguo zangu. Namba moja ni PS4 Slim, iliyotoka 2016, na sifichi kwamba mimi ni mtu wa Sony tangu PS2 ya kaka yangu. Haipigi kelele, haichemki sana, na CD zake unazipata na kubadilishana na watu mjini. God of War ukiwa na CD yake unacheza bila kununua bando la gigabaiti 40. Ila hesabu bei ya pedi mpya ndani ya bei ya mashine tangu mwanzo. PS4 Pro ni nzuri kwa mwenye televisheni ya 4K. Kwa wengine ni feni yenye kelele.

Namba mbili ni PS3, na hapa najua nitabishiwa. PES 2013 mpaka leo ndiyo gemu bora ya mpira niliyowahi kushika. Pasi ina uzito, beki anageuka kama binadamu. eFootball, iliyokuja 2021 kuchukua nafasi ya PES, ni ya bure, lakini inataka intaneti karibu kwa kila jambo na raha ile imekwisha. Tatizo la PS3 ni kwamba pedi halisi hazitengenezwi tena, na nyingi zinazouzwa ni nakala.

Xbox One S naiweka ya tatu. Mashine haina kosa, na pedi yake inatumia betri za kawaida za AA, lakini CD zake hapa mjini utazunguka hadi uchoke. Xbox 360 iliyotoka Marekani iogope: adapta yake ni ya volti 110, ukiichomeka kwenye umeme wetu umeiua. Nintendo Switch ni tamu, ila vijiti vyake vina ugonjwa huuhuu, hadi rais wa kampuni, Shuntaro Furukawa, aliomba radhi mwaka 2020. Vile vidude vya kuchomeka kwenye TV vinavyodai gemu 10,000, mnunulie mtoto wa miaka sita.

Bei ya pedi ndiyo inayoniuma zaidi. DualShock 4 halisi, yaani pedi ya PS4, niliambiwa 150,000. Nikauliza kwa nini, nikajibiwa, “Dada'angu, Kigoma ni mbali.” Kweli ni mbali, reli kutoka Dar ni zaidi ya kilomita 1,200. Lakini pedi ina uzito wa gramu 210 hivi, na mimi nimewahi kupokea kifurushi kikubwa kuliko hicho kwa basi kwa shilingi 7,000. Umbali huo huo tunauziwa kila siku, kwenye simu, kwenye betri, kwenye waya wa chaji. Na ukiomba kujaribu gemu nyingine, unaulizwa kama unamnunulia mtoto, kana kwamba mwanamke hawezi kujua anachotafuta. Nilipoirudisha mashine, muuzaji yule alisema, “Mbona ulicheza hapa ikawa sawa?” Hakunirudishia hata senti. Fundi alibadilisha kijiti kizima kwa 25,000, na sasa kimetulia.

Msomaji wa Kasulu anakuja Jumamosi kununua ya kwake. Tumekubaliana tukutane Mwanga saa nne asubuhi, yeye aje na hela, mimi nije na CD yangu ya God of War. Muuzaji akikataa tuiweke, tunakwenda duka la pili.