Fundi wa kwato niliyempata kwa farasi wangu aliyestaafu mbio

Haya nawaandikia wenzangu mnaofuga farasi pembezoni mwa Nairobi, hasa mliochukua farasi waliostaafu mbio pale uwanja wa Ngong. Jike wangu alikuja na viatu vya alumini, vile vyepesi vya mashindano, kwato za mbele zimerefuka ncha na visigino vimelala. Fundi wa kwanza niliyemwita alipitisha tupa juu juu, akapigilia viatu vya chuma kwenye umbo lile lile, akaenda zake. Farasi akawa anajikwaa hata kwenye njia tambarare.

Huyu wa sasa nilielekezwa na jirani. Kabla ya kushika mguu wowote, alimwomba saisi, yaani mtunza farasi wangu, amtembeze farasi kwenye sakafu ya saruji, aende na kurudi, yeye amechuchumaa pembeni akitazama. Akatuonyesha: ncha inatangulia kugusa chini, kisigino kinafuata. Ndipo akanyoosha misumari iliyokunjwa, akalegeza kiatu kidogo kidogo kwa koleo bila kumega ukuta wa ukwato, akasafisha chini kwa kisu. Katikati, kwenye ile sehemu ya pembetatu inayobonyea ukiigusa, kulikuwa na ufa wenye uchafu mweusi unaonuka vibaya. Alikwangua kilichooza tu, kizima akakiacha, kisha akamwagiza saisi achokoe kwato kila siku na banda lisilale na unyevu.

Nilichompendea zaidi ni kwamba hakutaka kunyoosha kila kitu siku hiyo hiyo. Ukwato hukua chini ya sentimita moja kwa mwezi, na wa mbele huchukua karibu mwaka mzima kushuka kutoka kwenye nywele hadi ncha. Kwa hiyo anakuja kila baada ya wiki 6, anarudisha ncha nyuma kidogo, anaacha kisigino kijijenge. Leo jike wangu anatua vizuri na kujikwaa kumekwisha. Miguu ya nyuma amemwacha bila viatu kabisa. Ya mbele bado anavaa kwa sababu njia zetu ni za murram yenye kokoto kali.

Kuhusu pesa: ni ghali, na kinachouma ni usafiri wake. Tumekubaliana majirani farasi wetu wote wahudumiwe siku moja, tugawane mafuta. Ukijumlisha nyasi kavu za boma rhodes, dawa za minyoo na chanjo ya ule ugonjwa wa farasi unaoenezwa na visubi, kishawishi cha kuruka zamu ya fundi ni kikubwa. Mimi naona ni afadhali uondoe viatu, kama miguu ya farasi inavumilia, kuliko kuruka kupunguza kwato. Ncha ikirefuka inavuta kano za nyuma ya mguu, na bili ya daktari wa mifugo hailingani hata kidogo na ya fundi.

Kasoro yake ni moja: msimu wa mvua hapatikani kirahisi. Huku kwetu udongo mweusi unang'ang'ania viatu mpaka vinang'oka, kila mtu anampigia yeye. Chukueni miadi kabla ya masika kuanza. Na akija akute miguu imeshaoshwa na kukauka, farasi yuko kivulini, penye sakafu ngumu. Kwenye tope hafanyi kazi, na ana haki.